Je, Utu wa Mgeni Huishia Mpakani?

Mama wa Kaole akizungumza kwa simu na binti yake aliyeajiriwa Muscat, huenda wakasemezana juu ya ugonjwa, deni au ndoa. Mbele ya sheria ya Marekani, wote wawili ni wageni walio nje ya nchi. Kifungu cha 702, kilichopitishwa mwaka 2008, kinaruhusu mashirika ya ujasusi ya nchi hiyo kunasa mawasiliano ya wageni wa namna hiyo, yakidhaniwa kuwa na taarifa za kijasusi, pasipo kibali cha mahakama kwa kila mhusika. Mahakama maalumu huidhinisha utaratibu wa jumla tu, kila mwaka.

Aprili 2024, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipigia kura pendekezo la kudai kibali. Kura zilikuwa 212 kwa 212, na pendekezo likaanguka. Hata hivyo, lilihusu upekuzi wa mawasiliano ya Wamarekani yaliyonaswa humo. Mgeni hakufikiriwa.

Jambo hili si la mbali. Mei 2014, gazeti la mtandaoni The Intercept, likitegemea nyaraka za Edward Snowden, liliandika kwamba Marekani ilikuwa ikikusanya kwa wingi kumbukumbu za simu za Kenya: nani amempigia nani, na lini.

Tusibeze hoja ya usalama. Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Hapa kwetu walikufa watu 11. Serikali inao wajibu wa kuwazuia wauaji. Swali ni nani anayeipima serikali inapowatafuta.

Jibu moja limetoka Ujerumani, iliyowahi kuifanya Bagamoyo makao makuu ya utawala wake wa kikoloni. Tarehe 19 Mei 2020, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, ikisikiliza shauri la waandishi wa habari ambao wengi wao ni wageni, iliamua kwamba haki ya usiri wa mawasiliano huifunga serikali hata inapompeleleza mgeni aliye ng'ambo. Haikukataza upelelezi; ilidai mipaka na usimamizi huru.

Hapo mahakama imekaribiana na mafundisho ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes, namba 26, unataja ulinzi wa maisha binafsi miongoni mwa haki za mwanadamu. Haki hiyo hutokana na utu wake, wala si na hati yake ya kusafiria. Waisraeli nao waliagizwa wasimwonee mgeni, kwa kuwa walikuwa wageni Misri.

Kwa hiyo kibali cha chombo huru kitangulie. Na dharura ikizuia, uchunguzi wa chombo hicho ufuate mara. Kipimo hicho kitupime na sisi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, bila kutaja uraia. Tukidai Washington imheshimu mama wa Kaole, tumheshimu vilevile mkimbizi, mfanyabiashara na mwandishi mgeni anayezungumza kwa simu akiwa kwetu.