Duka Linapohama, Wateja Wahame Kwanza



Katika nyumba nyingi duka dogo la mtaani ndilo linalolipa ada ya shule, linalonunua dawa, na linaloweka mboga mezani mshahara wa baba unapochelewa. Basi linapolazimika kuhama, ama kwa sababu mwenye nyumba amepandisha kodi, ama barabara inapanuliwa, ama mama mwenyewe ameona mahali panapofaa zaidi, si makabati peke yake yanayohama. Riziki ya nyumba nzima iko njiani.

Wengi hudhani kazi kubwa ni kubeba mizigo. La hasha! Magunia hubebwa nusu siku. Kilichojengwa kwa miaka na kinachoweza kupotea kwa siku chache ni wateja. Jirani anayemtuma mtoto asubuhi kufuata mkate na majani ya chai, akikuta mlango umefungwa siku 2, atamtuma duka la pili. Huko atazoea. Kwa hiyo hamisha wateja kwanza, bidhaa baadaye.

Kabla ya kulipa kodi mpya

Usiache mbachao kwa msala upitao. Nenda ukapatazame mahali hapo asubuhi watu wanapokwenda kazini, na tena jioni wanaporudi, maana anayepita asubuhi ana haraka, na anayerudi jioni anatafuta cha kupika. Waulize majirani mpangaji aliyetangulia aliondoka kwa nini. Angalia maji ya mvua yanapita wapi. Uliza kama mita ya Luku ina deni.

Kisha chukua kalamu. Tuseme unauza shilingi 80,000 kwa siku na kupata faida ya shilingi 8,000. Kodi ikitoka shilingi 60,000 kwa mwezi kufika 120,000, nyongeza hiyo peke yake inakula faida ya siku 7 na nusu. Ili usipungukiwe, yakupasa kuuza shilingi 20,000 zaidi kila siku ya mwezi. Je, mahali hapo pataleta mauzo hayo? Kama huna hakika, mwombe mwenye nyumba mkataba wa miezi michache kwanza, nao uandikwe.

Ongea pia na baba watoto mapema. Wiki za mwanzo mauzo hushuka, hata pakiwa pazuri. Tengeni fedha za chakula cha wiki 2 au 3, na ada ya watoto isiguswe.

Daftari la madeni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usihame katikati ya mwezi wakati nusu ya mtaa inadaiwa. Subiri mishahara itoke, uwapitie wadeni wako mmoja mmoja kwa lugha nzuri. Asiyeweza kumaliza, mkubaliane kiasi na tarehe, mwandike mbele yake. Mdeni aliyeachwa hivi hivi hukupotea mara mbili: fedha haji kulipa, na kununua haji kwa aibu.

Nawe ulipe unayodaiwa. Maliza kodi ya zamani, na mjulishe anayekuletea mikate au soda. Jina safi ulikotoka hukufuata unakokwenda.

Wiki 2 kabla ya kuhama, mwambie kila mteja kwa mdomo wako. Chukua namba za simu za wale wanaonunua kila siku. Siku ya kuhama bandika karatasi mlangoni yenye maandishi makubwa, ikionyesha duka liliko sasa na alama inayojulikana, kama kisima, mashine ya kusaga au kituo cha basi.

Karatasi za serikali

Leseni ya biashara huandikwa mahali biashara ilipo. Mwone afisa biashara wa halmashauri kabla hujafungua, hasa kama unavuka kwenda wilaya nyingine. Wajulishe pia TRA anwani mpya, ili taarifa za TIN yako na risiti za mashine zisitofautiane na mahali ulipo. Kama wewe ni wakala wa fedha kwa simu, mjulishe msimamizi wako.

Siku yenyewe

Siku chache kabla, punguza mzigo. Uza kwa bei nafuu vitu vinavyokaribia kuisha muda, wala usiagize vingi vipya. Hesabu kila kitu kabla ya kufunga, uandike namba na idadi juu ya kila boksi, kisha uhesabu tena ukifika. Mtu wako mmoja abaki duka la zamani, mwingine awe duka jipya, na mmoja afuatane na gari au guta.

Sabuni na mafuta ya taa yasikae pamoja na unga, sukari na mchele, maana chakula hunyonya harufu. Friji isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuwasha. Mizani ijaribu kwa kitu unachojua uzito wake, na ukiona imeyumba, ipeleke kwa Wakala wa Vipimo. Mgeni mtaani akipunja hata bila kujua, habari husambaa kabla ya jioni.

Anza kuhama baada ya kufunga jioni, ili kesho yake asubuhi mkate, sukari, chai na sabuni viwepo tayari, hata kama makabati mengine hayajapangwa. Wiki ya kwanza kaa dukani mwenyewe. Mteja wa zamani aliyetembea mbali kukufuata anataka kuiona sura anayoijua, na mteja mpya ataamua siku hiyo hiyo kama atarudi.

Biashara haigombi. Wapokee wote kwa uso mkunjufu, na daftari jipya lifunguliwe siku ya kwanza.