Aliyesimika Kibao Naye Aulizwe

Mwaka 2022 nilipokea ujumbe mfupi kutoka namba nisiyoifahamu. Ulimtaja mwanafunzi wangu mmoja kwa majina yake matatu, ukasema ni mdaiwa sugu, kisha ukanionya kwamba mimi, nikiwa mdhamini wake, ningechukuliwa hatua za kisheria iwapo deni lisingelipwa kabla ya saa kumi jioni ya siku ile. Sikuwa nimemdhamini mtu yeyote. Namba yangu ilikuwamo katika simu ya binti yule kwa sababu alikuwa mwakilishi wa darasa. Ujumbe huohuo ulikuwa umekwisha kumfikia shangazi yake, mwenye nyumba aliyopanga, na mama mmoja anayeuza chakula karibu na lango la chuo.

Alipofika ofisini alishindwa kuketi. Alisimama mlangoni akirudia, "Samahani sana, Dokta." Mkopo wenyewe ulikuwa shilingi 50,000, lakini zilizoingia kwenye simu yake zilikuwa 36,000, na alitakiwa kurejesha 50,000 kamili ndani ya siku saba. Hayo yote yanajulikana. Mitaani mikopo ya namna hiyo imekwisha kupewa jina linaloistahili, kausha damu. Kilichonishangaza ni jibu lake nilipomuuliza nani alimwelekeza kwa mkopeshaji yule. Nilitarajia kusikia habari za rafiki. Akasema, "Hakuna aliyenielekeza, Dokta. Kilikuja chenyewe nikiwa nasoma notisi zako."

Notisi zangu nilikuwa nimezituma darasani kwa mfumo wa PDF, na nilikuwa nimewaambia wasiokuwa na programu ya kuzifungulia watafute yoyote katika duka la programu la simu zao. Yeye akatafuta. Zikaja nyingi, zenye alama nyekundu zinazofanana, akachagua ya bure iliyokuwa juu. Programu ya bure huishi kwa matangazo. Alipokuwa akihama ukurasa mmoja kwenda mwingine kukatokea kitufe kilichoahidi mkopo ndani ya dakika tano. Alikibonyeza mara moja tu, na papo hapo akajikuta dukani, mbele ya ukurasa wa programu ya mkopeshaji, wenye nyota za sifa na kitufe cha kusakinisha. Hakupita kwenye tovuti yoyote wala hakuandika jina la mtu.

Nimemkumbuka binti huyo wiki hii nikitayarisha mwongozo wa kozi ya muhula mpya, na nimejiuliza swali ambalo wakati ule sikuliuliza. Tulimlaumu mkopeshaji, na alistahili. Tulimlaumu kidogo na mkopaji, kama ilivyo desturi yetu. Je, yule aliyesimika kibao cha kumwonyesha njia, mbona hakuulizwa chochote?

Inafaa kufahamu kibao chenyewe kinavyofanya kazi, kwa maana hoja yangu yote imesimama hapo. Kila programu iliyomo katika duka la Google au la Apple ina utambulisho wake wa pekee, ambao hauwezi kumilikiwa na programu mbili ndani ya duka moja. Jina linaloonekana na picha ya alama vinaweza kuigizwa hadi macho yadanganyike; utambulisho hauigiziki. Kiungo kinachotoka ndani ya programu kwenda dukani hubeba utambulisho huo, na ndiyo maana humfikisha mtu kwenye ukurasa mmoja tu. Katika simu za Android kiungo hicho kinaweza kubeba na jambo la pili: maneno machache yanayotaja tangazo au mshirika aliyemleta mteja. Programu ikisakinishwa kupitia njia hiyo, maneno hayo huweza kusomwa na mwenye programu. Apple nao wana alama zao za kampeni zinazoambatishwa kwenye viungo vya dukani. Utaratibu huu upo kwa sababu aliyemleta mteja anataka kulipwa, na anayelipa anataka uthibitisho.

Kwa hiyo anapotokea mtu akatuambia kwamba matangazo ya simu ni bahari isiyo na mwenyewe, tusikubali upesi. Aliyemfikisha binti yule kwa mkopeshaji huenda alikwisha kuandikwa mahali, na huenda alikwisha kupokea ujira wake, kabla ya binti mwenyewe kupokea zile 36,000.

Marekani jambo hili limefika mahakamani, ingawa kutokea upande mwingine. Kampuni ya Epic Games iliishtaki Apple mwezi Agosti 2020, na Septemba 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers akaiamuru Apple isiwazuie waundaji wa programu kuweka viungo vinavyowatoa wateja kwenda kulipia nje ya duka lake. Rufaa zilipokwisha, Januari 2024, Apple iliruhusu viungo hivyo kwa sharti la kupewa asilimia 27 ya manunuzi yaliyofanyika ndani ya siku saba baada ya mteja kubonyeza kiungo. Aprili 2025 jaji huyohuyo aliona kwamba kampuni ilikuwa imekaidi amri yake. Ugomvi wao wa tozo tuwaachie wenyewe. Mimi nimebaki na zile siku saba. Kampuni iliyoona inawezekana kudai haki yake juu ya bonyezo moja kwa juma zima haiwezi kutushawishi kwamba haiwezekani kujua bonyezo lilitoka wapi pale anayedai haki ni mwanafunzi.

Wapo watakaosema kuwa mtu mzima ana akili zake na hakuna aliyemshika mkono akabonyeza. Hoja hii ningeiheshimu zaidi kama kiungo kingemfikisha kwenye tovuti ya mkopeshaji, mahali ambapo mtu hujua yuko kwa mgeni. Kiungo cha moja kwa moja kinampeleka dukani, na duka ndilo mahali alipofundishwa na kila mtu, tukiwamo walimu na benki na ofisi za serikali, kwamba pana usalama. Tumemwambia asipakue vitu ovyo mitandaoni, achukue dukani tu. Basi akishafika dukani, tahadhari yake hulala. Mwenye tangazo analijua hilo vema. Ndiyo sababu anampitisha mlango wa duka badala ya mlango wake mwenyewe.

Mamlaka hazikulala kabisa, na ni haki kulisema hilo. Kenya ilitunga kanuni za watoa mikopo ya kidijitali mwaka 2022 na kuwataka wawe na leseni ya Benki Kuu. Mwaka uliofuata Google nayo ikaanza kudai uthibitisho wa leseni hiyo kwa programu za mikopo zinazolenga Kenya. Mwaka huohuo wa 2023 ikazizuia programu za mikopo binafsi zilizomo dukani mwake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa watoa mikopo ya kidijitali, na Novemba ya mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zisizokidhi matakwa.

Orodha ile ilikuwa hatua ya maana. Lakini orodha ya waliokatazwa humsaidia mtu aliyekwisha kulijua jina, tena jina lisilobadilika. Programu iliyofukuzwa huweza kurudi kwa jina jingine kabla wino wa tangazo haujakauka. Hata orodha ya waliopewa leseni ina upungufu wake, kwa kuwa jina la kampuni lililomo kwenye leseni mara nyingi silo jina linaloonekana kwenye simu. Mwananchi anasoma jina la kampuni kwenye orodha, anafungua simu, analiandika dukani, na hapo analetewa programu tano zinazofanana. Yupi kati ya hao ndiye aliyepewa leseni?

Dawa ya hapa ni ndogo mno hata naona haya kuiandika katika makala yenye jina langu. Kila jina katika orodha ya wenye leseni liwekewe kiungo cha moja kwa moja kwenye ukurasa wake wa dukani. Mdhibiti anayetoa leseni aone utambulisho wa programu, auandike pamoja na namba ya leseni, na autangaze.

Lakini angalia tunavyofanya. Wenye nia ya kumkausha mtu damu wamejifunza kumpeleka moja kwa moja, kwa bonyezo moja. Taasisi nyingi za umma, zenye wajibu wa kumhudumia, bado zinamwambia atafute. Tangazo linabandikwa ukutani: "Pakua programu yetu Play Store." Ipi? Nimepata kuona programu ya huduma ya umma ikitoa taarifa ndani yake yenyewe kwamba toleo hilo limepitwa na wakati, tafadhali pakua toleo jipya, na chini ya maneno hayo hapakuwa na kitufe. Mtumiaji yumo ndani ya programu halali. Programu hiyo inajua utambulisho wa mrithi wake. Ingetosha kumshika mkono na kumvusha, lakini inamtoa nje na kumwacha sokoni ajitafutie. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kuwa kitufe hicho ni kazi ya saa moja kwa kijana mmoja wa kitengo cha TEHAMA. Kiambatishwe na anwani ya tovuti pia, kwa sababu ziko simu, kama zile za Huawei zilizotoka baada ya 2019, ambazo hazina duka la Google, na kiungo kisichokuwa na njia ya pili hugonga ukuta. Na kwa wenye simu za vitochi menyu ya nyota na reli ibaki palepale, maana hao duka haliwahusu.

Kuhusu waliosimika vibao vya matangazo, ninachodai ni kirefu kidogo. Sheria imtambue anayechukua malipo kwa kumpeleka mtu kwenye programu ya mkopo kuwa mshiriki wa biashara hiyo. Kabla ya kuweka kitufe aulize leseni, kama mwenye jengo anavyouliza kabla ya kumpangisha mwenye duka la dawa. Kumbukumbu za nani alimleta nani, ambazo tayari zinatunzwa kwa ajili ya malipo, zitunzwe kwa muda utakaotajwa na zitolewe kwa mdhibiti panapotokea malalamiko. Wanasheria watasema wengi wa watu hawa hawako nchini. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na waliopo: waundaji wetu wenyewe wa programu za matokeo ya mpira, za kusomea vitabu, za nyimbo, ambao hukodisha nafasi katika kurasa zao bila kujua, au bila kutaka kujua, ni nani anayepita humo.

Nami simo nje ya mashtaka haya. Nilimwambia binti yule atafute, kana kwamba kutafuta ni jambo lisilo na hatari kwa mtu mwenye shida ya kodi ya chumba. Alilipa deni lake kwa fedha za mchango wa darasa, na ujumbe ukaendelea kuja kwenye simu yangu kwa siku tisa baada ya kulipa. Katika mwongozo wa kozi wa muhula huu nimeweka viungo viwili, kimoja cha Android na kimoja cha iPhone, kwenye programu ya kusomea niliyoikagua mwenyewe na isiyo na matangazo. Ilinichukua dakika ishirini.