Kijana anataka kamera ya wanyama? Soma kwanza

Mzazi, kijana wako amemaliza kidato cha sita na anataka kamera ya kupiga picha wanyama Ruaha. Anasisitiza iwe "fulu fremu". Kabla hujauza miti au kugusa ada ya wadogo zake, elewa tofauti.

Ndani ya kamera kuna sensa, yaani kibamba kinachopokea mwanga. Ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24. Ya "kropu" ina takriban 23 kwa 15, chini ya nusu ya eneo hilo. Sensa kubwa hupokea mwanga mwingi zaidi, hivyo picha za alfajiri na jioni, saa ambazo simba huanza kutembea, hutoka safi zaidi.

Lakini kropu hukata kingo za picha, hivyo lenzi ya milimita 300 humvuta mnyama karibu kama ya 450. Kwenye fulu fremu utahitaji lenzi ndefu zaidi, nayo huwa nzito na ghali.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kropu, hata iliyotumika, na pesa inayobaki inunue lenzi nzuri. Mzigo wa shingoni nao utapungua.

Jambo la mwisho ni la afya. Ruaha kuna mbung'o, wanaoweza kueneza malale. Asivae nguo nyeusi wala za buluu, rangi hizo huwavuta. Akipata homa baada ya safari, awahi kituo cha afya na aseme alikotoka.