Bwawa Nalo ni Shamba

Ndugu mkulima, hupandi mahindi pasipo mbolea. Mbona bwawa lako la samaki waliacha na njaa? Wengine husema samaki wa ziwani halishwi na mtu. Kweli, lakini ziwa huletewa rutuba na mito mingi. Bwawa lako lina wewe tu.

Ndani ya maji huota mimea midogo mno, nayo ni chakula cha ngege. Tia samadi kidogo kila juma, mpaka maji yawe ya kijani. Kisha tumbukiza mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, acha kutia. Samadi ikizidi, hewa hupungua majini usiku, na alfajiri utaokota samaki waliokufa.

Asiyepima kwa mkono wake asililaumu bwawa.