Mo bahili au makini? Muulize mwenye asilimia 51

Ukipita Rusumo saa za jioni, malori yamepanga foleni kusubiri kuvuka daraja la mto Kagera kwenda Rwanda, utakuta ubishi mmoja usiokwisha. Si wa bei ya mchele, wala si wa siasa, ambao siku hizi watu huufanya kwa kunong'ona. Ni ubishi wa Simba na tajiri wake, Mohammed Dewji, yule Mo. Kijiwe hiki kinasema jamaa ni bahili wa kutupwa, mkono wa birika. Kijiwe cha ng'ambo ya barabara kinasema ni mfanyabiashara makini anayejua kila senti ilikokwenda. Nusura utingo watwangane.

Madereva wana kipimo chao ambacho mimi nakiona bora kuliko vya wachambuzi wa redioni. Tajiri wa lori akikunyima hela ya bia, huyo si bahili, anajua biashara. Lakini akikuambia ushuke mlima na tani 30 juu ya tairi kipara, eti utafungiwa mpya ukirudi Dar, huyo ndiye bahili, na siku lori likilala mtaroni atalipa mara kumi. Basi tumpime Mo kwa tairi, tuache porojo.

Desemba 2017 Mo alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza Simba kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Hundi ya fedha hizo ilioneshwa hadharani Julai 2021. Hesabu mwenyewe miaka. Ukiishia hapo utasema bahili, kesi imekwisha.

Subiri kidogo. Januari 2020, baada ya Simba kufungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mo alikuja juu mtandaoni akatangaza kujiuzulu uenyekiti wa bodi, akilalamika kwamba analipa mishahara ya karibu bilioni 4 kwa mwaka halafu kikombe hakionekani. Baadaye aliyameza maneno yake. Lakini timu ilikuwa timu. Ubingwa wa Bara mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika 2019, nyingine 2021. Bahili gani huyo? Hapo tairi zilikuwa mpya.

Mambo yaliharibika Agosti 2021. Ndani ya mwezi mmoja Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri na Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Kuuza mchezaji si kosa, klabu nazo zinakula. Kosa ni kung'oa injini na gia boksi siku moja, halafu ukaziba pengo kwa vipuri vya kubahatisha. Januari 2022 Chama alirudishwa, lakini lori lilikuwa limeshaacha njia. Yanga walibeba ubingwa 2022, 2023, 2024 na 2025, na katikati ya hapo, Novemba 5, 2023, wakatupa zile tano kwa moja ambazo mashabiki wa Simba hawataki zitajwe hata msibani. Nasema bila kupepesa macho: hapo palikuwa na ubahili. Mwaka 2024 Mo alirudi kwenye kiti cha mwenyekiti wa bodi, kikosi kikasukwa upya, na Mei 2025 Simba ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Berkane hao hao. Kumbe akitaka inawezekana.

Sasa wapo wanaosema heri angekuwa kama marehemu Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wa Yanga tangu 2012. Kweli, kwa Manji fedha zilimwagika na vikombe vikaja. Lakini alipojiuzulu 2017 kilifuata nini? Msimu wa 2018/19 klabu ya tangu 1935 ilikuwa inatembeza bakuli, kocha Mwinyi Zahera naye akihimiza mashabiki wachange. Ukarimu wa mfuko wa mtu mmoja nao ni tairi kipara, ila limepakwa rangi nyeusi liking'aa.

Wapenzi wa kikapu wanamkumbuka Michael Heisley, aliyekuwa tajiri wa Memphis Grizzlies. Februari 2008 alimwachia Pau Gasol aende Los Angeles Lakers, akachekwa Marekani nzima kwamba anabana matumizi. Kumbe katika biashara ile alipata haki ya kumsajili mdogo wake, Marc, ambaye mwaka 2013 alikuwa mlinzi bora wa NBA. Mwaka 2009 Heisley huyo huyo alimchukua kijana wetu wa Dar, Hasheem Thabeet, namba mbili, akamruka James Harden na Stephen Curry. Februari 2011 Thabeet akapelekwa Houston. Mara alipatia, mara akachemsha. Ila shabiki wa kule anabishana akiwa na tarakimu mkononi, mshahara wa kila mchezaji unajulikana hadi kwa muuza magazeti. Wewe unabishana na nini?

Maana kwa kanuni za serikali, klabu ya wanachama kama Simba lazima wanachama wabaki na asilimia 51, na mwekezaji asizidi 49. Kwa hiyo mwenye Simba ni wewe mwenye kadi, unayelipa kiingilio kibanda umiza na kununua jezi. Je, umewahi kuishika karatasi ya hesabu za klabu yako? Au ulisomewa harakaharaka, ukaitikia ndiyoo, zidumu fikra za mwenyekiti, ukakimbilia soda? Mo alikuwa mbunge wa CCM, Singida Mjini, 2005 hadi 2015. Manji alikuwa diwani wa CCM, Mbagala Kuu. Tabia ya kupigiwa makofi hawakuibuni wao, waliikuta. Ndivyo nchi inavyoendeshwa: mwenye mali anaitwa mwananchi, halafu anatakiwa ashukuru kwa barabara aliyoilipia mwenyewe.

Mkutano mkuu ukiitishwa, ndugu yangu wa Ngara, panda basi na maswali yako mfukoni. Ile bilioni 20 imewekwa wapi na imezaa nini? Chama na Miquissone waliuzwa kwa shilingi ngapi, na fedha hizo zilimleta nani? Mishahara ya mwaka huu ni kiasi gani, na inatoka kwenye mapato ya klabu au kwenye mfuko wa mtu? Dai majibu ya maandishi. Nauli ya kutoka huku hadi Dar si ndogo, usikubali kurudi na fulana tu.