Mchezaji Naye Ni Mfanyakazi



Majuzi alikuja ofisini kwetu ndugu mmoja, dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa njia ya Rusumo hadi Dar es Salaam. Hakuja kwa habari ya posho wala ya siku za kungoja mpakani. Alikuja na karatasi tatu za Kiingereza. Mwanawe ana miaka 17, anainama kupita mlango wa nyumba yao, na kila jioni yuko uwanjani Nyamirambo na mpira wa kikapu. Bwana mmoja anayejiita wakala amemwahidi kijana shule ya Marekani, na baada ya shule, fedha zisizohesabika. Kilichobaki ni sahihi ya baba. Ndugu yetu akatuuliza: "Ninyi ndio mnaojua mikataba. Nitie sahihi au nisitie?"

Sisi tumesoma shule ya msingi tu, na mpira wa kikapu tunautazama kama mnavyoutazama ninyi. Lakini mkataba ndio kazi yetu. Tulimwambia asitie sahihi siku ile, tukaomba wiki moja ya kuuliza. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, maana wazazi wenye shida kama hiyo ni wengi. Tangu Mei 2021, ligi ya Afrika, BAL, ilipoanza katika ukumbi wa Remera na Zamalek ya Misri ikachukua kombe la kwanza, vijana wa Kigali wameona kwa macho yao kwamba mpira huu ni ajira.

Ndugu yetu dereva alilijua jina moja, kwa kuwa kule Dar es Salaam kila mtu analijua: Hasheem Thabeet. Tuanze naye, kwani njia yake ndiyo hiyo anayoahidiwa kijana wetu.

Thabeet ni Mtanzania wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kazi yake uwanjani ilikuwa ulinzi: kusimama chini ya kikapu na kuzuia mipira ya wenzake isiingie. Mwaka 2008 na tena 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Mwaka 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya vyuo vya Marekani nzima. Juni mwaka huo timu za kulipwa za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa wa pili kati ya wote. James Harden alikuwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Sasa tuulize swali la chama. Katika miaka ile mitatu ya chuo, kumbi zilijaa, tiketi ziliuzwa, televisheni zililipa. Mchezaji alipata nini? Alipata masomo, chakula na mahali pa kulala. Hatulidharau jambo hilo. Ada ya chuo cha Marekani ni fedha nyingi mno, na mzazi wa Kigali angeipokea kwa mikono miwili. Lakini mshahara haukuwapo, kwa sababu sheria ya vyuo wakati huo ilisema mchezaji ni mwanafunzi, si mfanyakazi.

Jina hilo la "mwanafunzi mchezaji" halikutoka mbinguni. Chama kinachoendesha michezo ya vyuo, NCAA, kililibuni miaka ya 1950 kwa kuogopa fidia za kazini. Kijana mmoja wa chuo cha Colorado aliumia akicheza, akafa, mwaka 1955. Mjane wake akadai fidia kama mjane wa mfanyakazi yeyote. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ikamnyima, ikisema chuo hakifanyi biashara ya mpira. Ndugu zangu, ni mara ngapi sisi tumeambiwa "huyu si mfanyakazi, ni kibarua tu", "huyu ni mwanagenzi tu"? Jina likibadilishwa, haki inapotea.

Sasa tumtazame Thabeet baada ya chuo. Mambo hayakumwendea vizuri. Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, alipelekwa kwa muda kucheza ligi ndogo. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, halafu Portland, halafu Oklahoma City. Mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Watu wengi walimcheka, wakisema nafasi ya pili ilipotea bure.

Sisi hatumcheki. Sisi tunaona kitu kingine. Mchezaji aliyechaguliwa mwanzoni kama yeye hakwenda kumpigia tajiri magoti ili apangiwe mshahara. Ngazi ya mshahara ilikuwa imekwisha andikwa katika mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji, na miaka miwili ya kwanza ililindwa. Mchezaji akishuka kiwango, akikaa benchi, mshahara wa miaka hiyo haupungui. Ni nani aliyeyaleta hayo? Si huruma ya matajiri. Chama cha wachezaji kiliundwa mwaka 1954, na Januari 1964 mabingwa wa NBA waliokusanyika Boston waligoma kutoka chumbani, watazamaji wakiwa wamekwisha kaa, mpaka walipoahidiwa pensheni. Wachezaji wa leo wanakula matunda ya mti ule.

Basi tofauti kati ya chuoni na kwenye timu ya kulipwa si wingi wa jasho. Jasho ni lile lile. Tofauti ni kwamba upande mmoja kuna chama na mkataba, upande wa pili hakuna. Vijana wa vyuoni nao wameanza kuamka. Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kujiunga na chama cha wafanyakazi, ingawa ombi lao liliondolewa mwisho wa mwaka ule. Juni 2025 mahakama ilikubali vyuo viwalipe wachezaji moja kwa moja. Lakini mtoto wetu atakwenda na viza ya masomo, na viza hiyo inambana sana katika kazi ya malipo. Mgeni anaweza kusimama uwanja mmoja na mwenyeji, akafanya kazi ile ile, na bahasha isimfikie.

Tulirudi kwenye karatasi tatu za ndugu yetu, tukamwomba mwalimu mmoja atusomee. Jina la shule halikuwamo. Atakayemtibu kijana akivunjika goti hakutajwa. Lakini sehemu ya wakala katika kila senti atakayoipata kijana ilikuwa imeandikwa wazi, kwa miaka mingi.

Tulimwambia dereva amwulize wakala mambo manne. Shule ni ipi, na barua yake iko wapi? Akiumia, nani analipa, na je, masomo yanaendelea? Wakala anachukua kiasi gani, na mpaka lini? Kijana akikosa timu ya kulipwa, atarudi na cheti gani mkononi? Wakala alisema ataleta karatasi nyingine. Mpaka leo hajaileta.

Kijana hakufurahi. Anasema wazee tumemfungia mlango. Tunamwelewa, nasi tulikuwa vijana. Lakini yupo shuleni, na jioni yupo uwanjani, na mlango wa kweli ukifunguka ataupita akijua anachokitia sahihi.

Kwa hivyo twawaambia wazazi: karatasi ya mpira ni karatasi ya kazi, ileteni isomwe. Na twawaambia vijana wanaocheza klabu za hapa: ombeni mkataba wa maandishi na bima ya kuumia, tena ombeni pamoja. Hata mtu mrefu kuliko wote, akisimama peke yake mbele ya mwajiri, ni mfupi.