Aliyeupa Uwanja Kisogo

Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na huenda baadhi yenu mkashangaa kuona leo nimeweka kando bei ya mkaa na sare za shule, nikashika habari za kandanda. Lakini katika nyumba nyingi ninazozijua, hasa za askari, kandanda huketi mezani pamoja na chakula. Mashindano ninayotaka kuyakumbuka, yaani Kombe la Amani la mwaka 2024, yaliingia katika nyumba ya jirani yangu na hadi leo hayajatoka.

Jirani huyo ni sajini wa polisi. Mkewe, ambaye mimi humwita shemeji, hana timu. Yeye hutaka tu mchezo uishe mapema watu wale. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati huo, alikuwa mpenzi wa Rayon Sports tangu alipojua kutamka jina hilo. Baba alilivumilia jambo hili kama mtu avumiliavyo mvua ya Aprili.

Ligi ina huruma. Ukishindwa leo, utalipiza Jumamosi ijayo, na hesabu hufanywa mwisho wa msimu. Mtoano hauna huruma hiyo. Katika kombe letu timu hukutana mara mbili, nyumbani na ugenini, na atakayezidiwa hufunga virago. Kisha fainali huwa ni siku moja tu, haina marudio. Atwaaye kombe huiwakilisha Rwanda katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa timu isiyoweza kulifikia taji la ligi, hiyo ndiyo njia ya kuvuka mpaka.

Mwaka ule wengi tulidhani tunajua mwisho wake. APR, timu ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1993, ilikuwa mbioni kutwaa ligi kwa mara ya tano mfululizo, na kweli iliitwaa. Rayon Sports nao ndio waliokuwa wakilishika Kombe la Amani, baada ya kuwafunga APR bao 1-0 kule Huye mwaka 2023. Watu walianza kuizungumzia fainali ya hao wawili kana kwamba imekwisha kuandikwa. Ndipo Gasogi United wakawatoa APR katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Wasomaji wangu wa kambini wataniwia radhi kwa kuwakumbusha. Najua kuna meza ambazo habari hiyo hailetwi mpaka leo. Katika nusu fainali, Bugesera, timu ya wilaya iliyo kusini mwa jiji letu, wakawatoa Rayon. Usiku huo mtoto wa jirani yangu alikataa kula. Shemeji alinisimulia kwamba baba yake alikwenda kuketi kando ya kitanda chake, akakaa kimya, maana alitambua kuwa neno lolote la polisi wakati ule lingesikika kama kejeli.

Polisi nao waliwaondoa Gasogi. Kwa hiyo fainali ikawa ya Police na Bugesera.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo si la kupendeza. Police FC ni timu yenye mishahara, viatu na basi, lakini haina mtaa. Rayon ina mji mzima wa Nyanza nyuma yake na nusu ya nchi. APR ina kambi. Mtu wa kawaida haamki asubuhi akajiuliza Police wamecheza vipi. Kombe hili walikuwa wamelitwaa mara moja tu, mwaka 2015, walipowafunga Rayon bao 1-0. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameshindwa katika fainali na APR, kwa bao 1-0 vilevile. Miaka tisa ilikuwa imepita. Nilipata kumwuliza sajini kama timu hiyo ni yake kweli au ni ya idara. Alinijibu, “Mwalimu, wewe mshahara wako ni wa serikali, lakini uchovu wako ni wa nani?” Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina.

Fainali ilichezwa tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi, katika uwanja wa Nyamirambo, ule uliopewa jina la Pelé mwaka 2023. Kwa kuwa vigogo wawili hawakuwapo, nilipata kiti bila kusukumana na mtu. Nilikuwa na mtoto wa jirani, ambaye alikubali kuja kwa sharti moja: asilazimishwe kushangilia. Baba yake alikuwa uwanjani pia, lakini kazini.

Wasomaji wa polisi wanaijua kazi hiyo. Wengine pengine hamjaitazama vizuri. Askari anayelinda uwanja husimama ukingoni, akiupa mchezo kisogo, macho yake yakiwa kwa watazamaji. Haruhusiwi kugeuka. Mchezo wote uko nyuma ya mgongo wake, naye huusoma katika nyuso za watu. Tulimwona vizuri kutoka tulipoketi. Mabao matatu yalifungwa alasiri ile. Mimi nilipiga kelele kwa kila moja, maana napenda mabao ya mtu yeyote. Sajini hakuliona hata moja.

Mtoto aliacha kutazama mpira. Alikuwa akimtazama baba yake. Karibu na mwisho, Police wakiwa mbele kwa mabao 2-1 na Bugesera wakishambulia kwa nguvu, aliniuliza kwa sauti ndogo, “Mjomba, baba anajua kwamba tunaongoza?” Nililisikia neno hilo “tunaongoza”, nikalinyamazia.

Kipenga kilipolia, wachezaji walimkimbilia kocha Mashami Vincent. Sajini alibaki mahali pake, kwa sababu huo ndio wakati watazamaji huruka ukuta. Aliendelea kutuangalia. Kisha, kwa muda mfupi sana, akavua kofia, akajifuta jasho, akairudisha.

Alirudi nyumbani usiku. Mtoto alikuwa macho, akamsimulia mabao yote matatu, moja baada ya jingine, akitumia vikombe vya chai juu ya meza: nani alitoa pasi, mlinda mlango alisimama wapi, mpira uliingia upande gani. Shemeji alisema chakula kinapoa. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwezi Agosti mwaka uleule, Police waliwashinda APR kwa penalti na kutwaa Kombe la Super. Katika Kombe la Shirikisho walikwenda Algeria kukutana na CS Constantine, wakafungwa huko na wakafungwa hapa Kigali pia. Mwaka 2025 Kombe la Amani likaenda kwa APR, waliowafunga Rayon 2-0 katika uwanja wa Amahoro. Mtoto alihuzunika tena, lakini safari hiyo alikula. Yeye bado ni wa Rayon. Vikombe vile vya chai havipangwi mezani isipokuwa baba yake atoke zamu ya uwanjani. Hapo huvishusha kabla hajaambiwa, na sajini huketi na sare yake, akasubiri kuonyeshwa.